Bolti ya Mwaka Hamsini na Nane

Fundi Miwani alinipigia simu Jumanne saa nne asubuhi, nikiwa stoo nakagua mita za maji, nalinganisha namba iliyo kwenye mita na namba iliyo kwenye karatasi, moja baada ya nyingine.

"Mama Sajenti, njoo. Kuna jambo kwenye bunduki yenu sipendi kulisema kwenye simu."

Fundi akikuambia hivyo, ama ameharibu ama ameiba. Nilimwachia mwenzangu funguo nikaondoka, na kabla sijafika kona ya kwanza nilikuwa nimeshaamua kwamba ameiba.

Bunduki yenyewe ilikuwa ya marehemu baba. Ni ya kuwindia, ya mti na chuma, nzito kama mtoto wa miaka miwili aliyegoma kutembea. Baba alipofariki niliipeleka kituo cha polisi pamoja na boksi lake la risasi. Boksi limeandikwa ishirini, ndani zilikuwamo kumi na tisa. Askari akaandika kumi na tisa, nikasaini, lakini ile moja ilinikaa kichwani. Baba alikuwa akipoteza kofia, miavuli na meno ya bandia. Risasi hakuwahi kupoteza.

Sasa bunduki ilikuwa inahamia kwa binti yangu wa kwanza. Jina lake la nyumbani ni Sajenti, maana alianza kutoa amri kabla hajaota meno. Amesomea uhifadhi wa wanyamapori, akamaliza, kisha akakaa nyumbani miaka miwili akibishana na redio. Hatimaye shamba kubwa la miwa likamwita: nguruwe pori wanamaliza miwa, wanataka mlinzi mwenye leseni na bunduki yake mwenyewe. Ukaguzi ni Ijumaa, kazi inaanza Jumatatu. Asipokuwa na bunduki Ijumaa, nafasi inakwenda kwa anayefuata kwenye orodha, na orodha ilikuwa ndefu.

Ndiyo maana tulimpelekea Fundi Miwani, fundi pekee mjini aliyesajiliwa. Kazi zilikuwa mbili. Ya kwanza, atafute umri wa bunduki, kwa sababu fomu mpya inadai mwaka wa kutengenezwa. Kwenye leseni ya baba karani alikuwa ameandika neno moja tu: "Zamani." Ya pili, aifanye iwe ya kisasa kidogo. Afunge darubini, maana Sajenti hataki kubahatisha kama babu yake. Aweke mpira kwenye kitako usimwumize bega. Na mpini wa bolti, kile chuma cha nyuma kinachofungia risasi ndani, ambao ulisimama wima kama kidole cha mwalimu, aupashe moto aupinde chini usigonge darubini.

Kwa hiyo bolti ilikuwa mikononi mwake. Kumbuka hilo, kwa sababu mimi nililikumbuka njia nzima.

Karakana yake ni chumba kimoja nyuma ya duka la vyuma, chenye mlango wa nondo na kufuli mbili. Ukutani kuna bunduki saba zimefungwa mnyororo mmoja. Yeye mwenyewe huvaa miwani mbili, moja puani na nyingine kwenye paji la uso, na akiitafuta ya tatu ujue kazi ni ngumu. Alikuwa anaitafuta ya tatu.

"Karibu, Mama Sajenti. Kaa."

"Sikai. Umevunja nini?"

"Mimi? Sijavunja kitu. Hebu njoo uone."

Alikuwa ameshatoa mti wote, chuma kimebaki uchi, kimebanwa kwenye jiliwa. Akanipa lenzi. Chini ya mtutu, mahali ambapo mti ulikuwa umepaficha miaka yote, palikuwa na herufi mbili ndogo kuliko punje ya ulezi. Akafungua kitabu chake cha majedwali, kilichochakaa hadi kimekuwa na masikio, akashusha kidole.

"Kiwanda hiki hakikuandika mwaka. Kilipiga herufi. Hizi mbili ni mwaka hamsini na nane. Umri huo hapo, jaza fomu yako."

"Sasa tatizo liko wapi?"

Akachukua bolti, ule mpini bado umesimama wima, akaigeuza tumbo. Nayo ilikuwa na herufi. Akashusha tena kidole kwenye jedwali, mistari mitatu chini.

"Sitini na moja. Na namba si ile iliyo kwenye mwili. Bunduki yenu ina miaka miwili tofauti, mama. Hii bolti ni ya bunduki nyingine."

Nilimtazama. Kisha nikazitazama zile saba ukutani. Tatu kati yake zilikuwa za kiwanda kilekile. Hata mimi niliweza kuona.

"Fundi," nikasema, "mimi nakaa stoo mwaka wa kumi na tisa. Watu wanaleta pampu, wanaondoka na pampu, na ile nzima daima inaondoka na mwenye mikono mirefu."

"Unasema nimeibadilisha?"

"Sijasema. Nimeuliza hizo za ukutani bolti zake ziko wapi."

Nilitarajia akasirike. Mwizi hukasirika haraka. Yeye alivua miwani ya paji la uso, akaifuta kwa shati, akafungua kabati la chuma na kunipangia bolti saba mezani kama karata. Nikasoma namba zote kwa lenzi. Hakuna hata moja iliyofanana na namba ya bunduki ya baba.

"Umeshaiuza," nikasema.

"Haya, na daftari je?"

Daftari lake la mapokezi lilikuwa safi kuliko langu, jambo lililoniudhi. Siku bunduki ilipoingia, ameandika namba ya mwili, namba ya bolti, hali ya mti, mikwaruzo. Bolti ilikuwa hiihii. Na pembeni, saini ya Sajenti, ile yenye mkia mrefu.

Nikampigia simu palepale. "Sajenti, ulisaini nini kwa fundi?"

"Alichoandika."

"Ulisoma?"

"Mama, niliona namba mbili nikajua ndivyo zilivyo. Kwani zinatakiwa ziwe moja?"

"Umesoma miaka mitatu!"

"Nimesomea nyati, Mama, sikusomea misumari."

Nilikata simu. Fundi alikuwa anajitahidi asicheke.

"Mimi sikukuita tugombane," akasema. "Tazama." Akaingiza kipande cha chuma chenye umbo la risasi ndani ya chemba. "Nina geji mbili. Hii naiita Ndiyo: bolti lazima ifunge juu yake. Hii nyingine naiita Hapana: bolti ikifunga juu yake, bunduki haifai." Akaweka Hapana. Akasukuma bolti, akashusha mpini. Ikafunga laini, kama droo iliyopakwa nta.

"Bolti ndiyo mlango," akasema. "Risasi ikilipuka, mlango ndio unaozuia moto usirudi kwa mpigaji. Kiwandani kila mlango ulisawazishwa na fremu yake. Huu unafunga, lakini umeacha nafasi. Atapiga moja, atapiga kumi. Siku moja ganda litapasuka, na vipande vya shaba vitarudi hapa." Akagusa kioo cha miwani yake, jicho la kulia. "Mimi sisaini karatasi ya bunduki hii."

"Agiza bolti nyingine."

"Miezi miwili. Na ikija isawazishwe. Ijumaa hamna kitu."

Ndipo akaniomba leseni ya zamani ya baba. Akaifungua ukurasa wa mwisho, mahali ambapo mimi sikuwahi kupatazama. Kuna mstari unaosema: Mtunzaji wa pili, atakayekaa na bolti mbali na silaha. Mbele yake limeandikwa jina la mdogo wake baba.

Nilikuwa nalijua jambo lile, ila nililijua kama unavyojua rangi ya mlango wa nyumbani. Baba na Baba Mdogo walikuwa na bunduki mbili za aina moja, zote walizinunua zikiwa zimetumika. Sheria ilitaka bolti ikae na mtu mwingine. Wakabadilishana: bolti ya baba ilikaa kwa Baba Mdogo, ya Baba Mdogo ilikaa kwetu, kwenye kopo la kahawa juu ya kabati. Hakuna aliyeweza kwenda porini bila kubisha mlango wa mwenzake. Mama alikuwa akisema ndoa yao ilikuwa imara kuliko ya kwake.

Halafu, miaka sita iliyopita, waliacha kusemezana. Tulipouliza tuliambiwa ni mambo ya wakubwa, na mimi wakati huo nilikuwa na watoto watatu na ukubwa wangu mwenyewe. Kwenye msiba wa baba, Baba Mdogo alisimama getini tangu asubuhi mpaka maziko, hakuingia ndani.

Kwa hiyo mwizi alikuwa yeye. Nilimwomba fundi radhi, nusu. Nusu nyingine niliiweka akiba.

Baba Mdogo anaishi mitaa miwili kutoka kwangu. Ni mstaafu wa posta. Nyumba yake imepangwa kama kaunta, kila kitu kina kijisanduku chake. Mbele kuna baraza na benchi la saruji. Nilimkuta sebuleni.

"Shikamoo, Baba Mdogo."

"Marahaba. Umekuja na mguu upi, wa heri au wa shari?"

"Wa haraka. Bolti ya baba iko wapi?"

Hakushtuka. Alichukua muda kuirekebisha redio ambayo haikuwa imewashwa.

"Baba yako alikuwa na bunduki. Bolti itakuwa huko iliko bunduki."

"Iliyoko huko ni ya kwako. Ya mwaka sitini na moja."

"Ya kwangu ilipotea. Niliporudisha bunduki polisi niliandikisha hivyo. Bila bolti. Kaulize."

"Ilipotelea wapi?"

"Kitu kilichopotea kingejulikana kilipo, kingeitwa kimepotea?"

Ni mzee wa posta. Amejibu maswali ya barua zisizofika miaka thelathini. Nikavuta pumzi, na hapo ndipo nikayanusa. Mafuta ya bunduki. Si ya cherehani, si ya baiskeli. Niliyanusa utoto wangu wote kwenye mashati ya baba. Nyumba hiyo haikuwa na bunduki kwa miaka mitano. Na juu ya meza, chini ya gazeti, ilichungulia ncha ya kitambaa cheusi cha mafuta, na bado kilikuwa kibichi.

"Baba Mdogo, unapaka mafuta nini?"

"Bawaba."

Nikasimama, nikausukuma mlango wa chumbani. Ukalia kama paka aliyekanyagwa. Nikausukuma wa jikoni. Nao ukalia.

"Bawaba za nani?" nikauliza.

Akacheka, bila kupenda. Kisha uso wake ukazeeka mbele yangu.

"Unaitaka ya nini?"

"Sajenti anaanza kazi Jumatatu na bunduki ile. Fundi anasema kwa bolti iliyomo itampasukia machoni. Usiponipa, ama anakosa kazi, ama anatokea mtu wa kuisainia hivihivi na mwanangu anakosa jicho. Chagua wewe mwenyewe."

Alikwenda chumbani. Akarudi na kopo la biskuti, akalifungua juu ya magoti. Ndani, kwenye kitambaa, bolti ilikuwa inang'aa kama imetoka kiwandani leo. Nikaigeuza. Namba ni ya baba. Herufi mbili, zilezile za hamsini na nane.

"Kila mwisho wa mwezi naipaka," akasema. "Angekuja kuichukua akaikuta na kutu, angesema nini?"

"Mbona hukumpa?"

"Aliiomba. Nikamnyima." Akafunika kopo nusu. "Macho yake yalikuwa yamekwisha, mwanangu. Nyinyi hamkujua, alikuwa anawaficha. Mara ya mwisho porini alimwelekezea mtu mtutu, mkata kuni aliyeinama, akasema nguruwe yule. Niliugonga mtutu kwa mkono. Tuliporudi nikaandika barua ofisi ya leseni kwamba kaka yangu haoni. Wakamwita akapimwe. Akajua ni mimi. Nani mwingine angeandika kwa herufi za posta? Akaja kudai bolti yake. Nikasema kapimwe kwanza."

"Akasemaje?"

"Akaenda nyumbani. Nyumbani kwenu kulikuwa na ya kwangu."

Sikupenda mazungumzo yalikokuwa yanaelekea. Nilikuwa nimemshuku fundi, nimemshuku huyu mzee, nimemshuku hata Sajenti kwa dakika mbili. Kuna mtu mmoja ambaye sikuwa nimemweka kwenye orodha.

"Kesho yake alasiri," Baba Mdogo akasema, "nikasikia mtu amekaa kwenye benchi langu. Sikutoka. Nikasikia bolti inafungwa. Ile sauti naijua, ni ya kwangu, ilikuwa na mkwaruzo kidogo mwishoni. Nikajua ameiweka kwenye bunduki yake na imekubali. Nikakaa hapahapa nilipokaa. Mlango haukuwa na komeo."

"Mlizungumza?"

"Hapana. Alikohoa mara moja. Nusura niulize kama amekunywa dawa." Akashika kifuniko cha kopo. "Jua lilipofika kwenye ukuta ule akaondoka. Nilipotoka, nikakuta hii juu ya benchi."

Akainua pembe ya kitambaa. Chini ya bolti ililala risasi moja, nzima, imepakwa mafuta nayo.

Kumi na tisa na moja. Nilihesabu kwa vidole, mimi mtu wa stoo, kama mtoto wa chekechea.

"Labda alikuja kutisha tu," nikasema.

"Labda."

"Labda alikuja kuomba radhi, akaishika tu kwa mazoea."

"Labda. Kwa hiyo nilivitunza vyote viwili, ili akija nimuulize." Akanipa kopo lote. "Sikuingia msibani kwa sababu watu wangenipa pole, nami sikujua napewa pole ya nani, ya kaka yangu au ya yule wa kwenye benchi."

Nilimwambia afunge komeo kwenye mlango ule, na apake bawaba.

Jumatano asubuhi nilisimama pembeni ya jiliwa bila kupepesa macho. Fundi Miwani akaweka Ndiyo. Bolti ya baba ikafunga. Akaweka Hapana. Akashusha mpini, ukagoma katikati. Akasukuma tena kidogo kwa kidole gumba. Ukagoma.

"Huyu ndiye mwenyewe," akasema. "Hamsini na nane kwa hamsini na nane."

"Rudia."

"Mama Sajenti…"

"Rudia."

Akarudia mara tatu. Ndipo nikampa ile nusu ya radhi iliyobaki. Alipinda mpini mchana ule, nimekaa kwenye kiti namwangalia, na nilikuwa nimekwangua alama yangu ndogo mkiani mwa bolti kabla hajaigusa. Alikwangua yake pembeni ya yangu. Akasema hata yeye ananishuku.

Bolti ya sitini na moja na ile risasi nilizipeleka polisi siku iyohiyo. Askari akasoma rekodi yake ya zamani. "Mzee aliandikisha bolti imepotea. Ilipatikana wapi?"

"Ndani ya bunduki ya kaka yake."

"Ilifikaje humo?"

"Andika imepatikana," nikasema. "Na zile kumi na tisa, andika ishirini."

Ijumaa mkaguzi wa shamba alipiga risasi tatu, Sajenti akapiga tano, zote tano kwenye karatasi, na maganda yakatoka mazima. Nilikagua kila ganda. Baadaye tukakaa kwenye meza ya mkaguzi kumalizia fomu. Mwaka wa kutengenezwa: hamsini na nane. Mtunzaji wa pili, siku za mapumziko. Nikachukua kalamu niandike jina langu. Sajenti akaniwekea kiganja juu ya karatasi.

"Babu Mdogo," akasema.

"Nyumba yake haina hata komeo."

"Ameitunza miaka sita bila kutu, na hakuna aliyemwagiza. Wewe ungekaa nayo siku moja ungeipigia muhuri. Andika Babu Mdogo."

Alianza amri zake kabla ya meno, nimeshasema. Nikaandika.

Mwisho wa mwezi wa kwanza Sajenti alirudi mapumziko. Aliiacha bunduki kwenye kabati la chuma nyumbani kwangu, tukaichukua bolti, tukaenda mitaa ile miwili kwa miguu. Mlango ulikuwa na komeo jipya na haukulia. Baba Mdogo akapokea bolti kwa mikono miwili, akageuza tumbo, akasoma namba, kisha akaziona zile alama mbili zilizokwanguliwa mkiani.

"Hizi za nani?"

"Moja ya fundi, moja yangu."

Nikatoa karatasi kwenye pochi, nakala mbili: bolti moja, namba yake, tarehe, imetolewa na, imepokelewa na.

Akaisoma yote mpaka chini, taratibu, kama barua ya rejista. "Huniamini, mwanangu?"

"Nakuamini, Baba Mdogo," nikasema, nikampa kalamu. "Saini hapa."